Je, Wajua? RAM Mpya, Kompyuta Ileile

Je, wajua kwamba kompyuta nyingi za Mtwara zimeishi kwa gesi? Mitambo ya kufua umeme mjini huendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 kule Msimbati. Umeme ukikatika, vyote vilivyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hufutika papo hapo. Vya kwenye diski hubaki. Barua uliyochapa bila kuihifadhi ndiyo imekwenda hivyo.

Hata umeme ukiwepo, RAM ni sahaulifu. Kila biti ni chaji ndogo inayovuja, kwa hiyo hujazwa upya takriban mara 16 kila sekunde. Ubunifu huo ni wa Robert Dennard wa IBM, aliyepata hataza yake mwaka 1968.

Intel 1103, chipu ya mwaka 1970, ilibeba biti 1,024. Meseji moja ya herufi 160 haienei humo! Ili ufikishe GB 8 za leo ungehitaji chipu hizo zaidi ya milioni 67. Miaka minne baada ya chipu hiyo, 1974, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ingawa Wizara ya Fedha ilishafungiwa ya kwanza mwaka 1965.

Je, wajua kompyuta nzito si lazima iwe imezeeka? Mbangua korosho mwenye mkeka mdogo hushinda akienda na kurudi ghalani. RAM ndiyo mkeka, diski ndiyo ghala. RAM ikijaa, Windows huazima nafasi kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno, na hapo kuongeza RAM kunalipa. Isipojaa, hela yako inapotea bure. Huenda dawa ni kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski isiyozunguka.

Usikisie. Fungua kazi zako zote za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie Performance, halafu Memory. Utaona kiasi kinachotumika, na mara nyingi hata idadi ya sloti zilizojaa. Fundi anayesema “ongeza tu, bosi” kabla ya kuangalia hapo anauza RAM, hatibu kompyuta.

Windows ya biti 32 ya matumizi ya kawaida haivuki GB 4, hata uiwekee GB 16.

DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zina pini 288 kila moja, lakini haziingiliani: pengo la chini limekatwa mahali tofauti. Ikikataa kuingia, usiisukume. Laptop hutumia RAM fupi, na kwenye laptop nyingi nyembamba RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, hiyo huiongezi.

RAM mbili za GB 4 mara nyingi huenda kasi kuliko moja ya GB 8, kwa kuwa data hupita njia mbili.

Je, wajua raba ya penseli ni kifaa cha fundi? Kompyuta ikilia bip bip huku kioo kikiwa cheusi, shuku RAM iliyolegea au yenye pini chafu, hasa huku pwani kwenye unyevu na chumvi. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli uliomo mwilini utoke. Itoe, sugua pini taratibu kwa raba, pangusa mabaki, irudishe mpaka vibanio vikae sawa. Ikizidi kulia, ihamishie sloti nyingine: pengine mbovu ni sloti, si RAM.