Mwezi wa Ghala Tupu

Paukwa!

Nimewasikia. Haya, sogeeni karibu. Aliye mlangoni aurudishie, maana mvua ya Kakamega ikishaanza kunguruma alasiri haimwombi mtu ruhusa. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina gorogoro, ina mama muuza sukuma wiki, ina gavana na seneta, na ina mabilioni ya shilingi. Ni ya kweli, na sehemu kubwa imetokea hapa hapa kwetu.

Gorogoro mnaijua: lile kopo la kilo mbili, zamani la mafuta ya kupikia, ambalo akina mama hupimia mahindi sokoni. Nikiwa na umri wenu, kukhu wangu, mama yake baba, ndiye aliyeshika gorogoro ya nyumba yetu. Tulipanda Machi mvua za masika zikianza, tukavuna kuanzia Julai. Kwa hivyo Juni ndio ulikuwa mwezi mgumu. Shamba limejaa mahindi mabichi yenye ndevu, lakini ghala limebaki sakafu. Kukhu aliinama ndani, tukasikia kopo likikwaruza mbao, kisha akatoka na gorogoro ambayo haikujaa. Hakusema neno. Aliigonga gonga ubavuni ili punje zikae sawa, akatazama zimefika wapi, halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayehesabu.

Kaunti nayo hufunga hesabu zake mwezi huohuo. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unaisha, na 1 Julai mwingine unaanza. Kila ninaposikia redioni kwamba Bunge la Kaunti limepitisha bajeti, huwa nasikia lile kopo likikwaruza.

Sasa pimeni ukubwa wa nyumba yenyewe. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 1,867,579 Kakamega, katika kaunti ndogo 12, kutoka Likuyani na Lugari kule kaskazini hadi Butere na Khwisero kusini. Wadi ni 60, na kila wadi ina diwani wake anayetaka barabara, zahanati na daraja. Chekechea uliyosomea ni mzigo wa kaunti. Nesi aliyekudunga chanjo, soko, maji ya bomba, barabara ya matope inayopita nyuma ya kanisa, hayo yote ni ya kaunti tangu serikali hizi zilipoanza kazi mwaka 2013. Shule ya msingi, sekondari na polisi ni vya serikali kuu.

Pesa zinatoka wapi? Nyingi zinatoka Nairobi. Katiba ya 2010 inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ambayo serikali kuu imekusanya, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kakamega ulikuwa zaidi ya shilingi bilioni 12.

Halafu kuna pesa tunazokusanya wenyewe. Njooni nami sokoni asubuhi. Mama ameshusha gunia la sukuma wiki kutoka kwenye bodaboda, amelimwagia maji kidogo majani yasinyauke, anayafunga mafungu. Kabla hajauza la kwanza, mtoza ushuru amefika. Mama anafungua ile leso iliyofundikwa kiunoni, au anabonyeza simu, analipa, anaendelea kufunga. Shilingi zile ndizo mapato ya kaunti yenyewe. Ongezeni ada ya kuegesha magari mjini, leseni za maduka, na kodi ya mashamba na majengo. Zote huingia katika akaunti moja kuu, Hazina ya Mapato ya Kaunti, na hazitoki humo mpaka Msimamizi wa Bajeti, ambaye hayuko chini ya gavana yeyote, aidhinishe.

Hapa ndipo sheria inapoingia, nami naiona ni sheria nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na kanuni zake za 2015, zinaiambia kaunti hivi: mapato na matumizi katika bajeti yako yawe sawa. Ukiandika utatumia bilioni 15, onyesha bilioni 15 zitatoka wapi. Mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Katika kila shilingi 10 za bajeti, angalau 3 ziende kwenye maendeleo, yaani vitu vinavyobaki, kama daraja au wodi, badala ya mafuta ya magari na chai ya mikutano.

Je, kaunti haiwezi kukopa pesa ikajaza pengo? Ni vigumu. Katiba inasema kaunti itakopa tu ikiwa serikali kuu imeidhamini na Bunge la Kaunti limekubali, na sheria inaongeza kwamba mkopo uwe wa maendeleo, usiwe wa kulipia mishahara. Serikali kuu ndiyo iliyozoea kukopa, na kila Juni Waziri wa Fedha wa taifa husoma bajeti yenye pengo linaloonekana wazi. Hata Marekani mambo hufanana na haya. Serikali ya taifa hukopa mno, lakini karibu majimbo yote yamefungwa na sheria ya kusawazisha bajeti. Jimbo la Vermont ndilo husemwa halina sharti hilo.

Kwa hivyo kila mwaka bajeti ya kaunti hutoka mezani ikiwa sawa. Juu mapato, chini matumizi, jumla zinalingana mpaka shilingi ya mwisho. Na bado fundi aliyejenga choo cha chekechea hajalipwa. Imekuwaje?

Rudini kwa kukhu. Tuseme Januari, kabla hata mbegu haijaingia ardhini, kukhu anaketi na kusema, "Mwaka huu nitavuna magunia 20." Kisha anaanza kugawa: magunia 8 ya kula, 5 ya kuuza kwa karo, 3 ya shangazi aliyetukopesha, 4 ya fundi atakayeezeka paa. Jumlisheni. Ni 20 kamili, bajeti imesawazika. Lakini shamba lile, tangu nilijue, halijawahi kutoa zaidi ya magunia 16. Kukhu anajua. Sisi tunajua. Fundi ndiye asiyejua, naye tayari yuko juu ya paa.

Hapo ndipo uongo hujificha, watoto wangu, na ndiyo maana nimewaiteni. Watu wengi wakishika kitabu cha bajeti hukimbilia ukurasa wa matumizi: barabara yetu imeandikwa? Zahanati yetu ipo? Wakiona jina la kijiji chao wanarudi nyumbani wakitabasamu. Lakini matumizi ni orodha ya ahadi, na ahadi hulipwa na ukurasa wa mapato. Mtu akitaka kuahidi barabara nyingi kuliko pesa alizonazo, sheria inamzuia kuacha pengo. Basi anafanya nini? Anaongeza tarakimu upande wa juu. Anaandika kwamba soko litaleta zaidi, maegesho yataleta zaidi, na jumla zinalingana tena. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimelitaja jambo hili mwaka baada ya mwaka: kaunti nyingi hukusanya pungufu ya zilichokadiria, na bili zisizolipwa zinarundikana.

Mjomba wangu mmoja amewahi kuwa yule fundi juu ya paa. Ofisi iliyompa kazi sitaitaja. Alijenga, akapaka chokaa, wakaguzi wakaja wakasema kazi safi. Kisha Juni ikapita, na Juni nyingine. Saruji alikuwa ameichukua kwa mkopo dukani. Ng'ombe wawili waliuzwa, mmoja wao yule aliyetupa maziwa ya chai. Alikuwa na faili ya plastiki ya bluu, na kila alipokwenda kuuliza aliibeba kifuani kwa mikono miwili kana kwamba amembeba mtoto. Waliokula ng'ombe wetu ni tarakimu fulani zilizoandikwa kwa matumaini juu ya karatasi.

Si kila mara kosa ni la kaunti, lazima niseme hivyo pia. Mwaka 2020 maseneta walibishana kwa miezi kuhusu namna ya kugawa mgao wa kaunti. Mfumo mpya uliopendekezwa ungezipa baadhi ya kaunti zaidi na kuzipunguzia nyingine. Kila walipokutana hawakuafikiana, na mwaka wa fedha ulikuwa umekwisha kuanza. Agosti polisi waliwakamata maseneta watatu waliokuwa katika mvutano huo, na mmoja wao alikuwa wetu wa Kakamega, Cleophas Malala. Mwenyekiti wa Baraza la Magavana wakati huo alikuwa pia wa kwetu, Gavana Wycliffe Oparanya, na Septemba magavana wakatangaza kwamba kaunti zitafunga shughuli kwa kukosa pesa. Fikirieni: janga la korona limepamba moto, na nesi hajui mshahara utatoka wapi. Muafaka ulipatikana Septemba 17. Kaunti zikapata bilioni 316.5 kwa mwaka huo, zikaahidiwa bilioni 370 kwa mwaka uliofuata.

Na mwaka 2024, vijana walipoandamana barabarani kupinga Mswada wa Fedha na Rais akaukataa, kodi zilizotarajiwa hazikuja. Mgao wa kaunti, uliokuwa umepitishwa kuwa bilioni 400.1, ukashushwa hadi 387.4. Kila kaunti ikalazimika kuchukua kalamu na kukata.

Nisiwaache mkidhani bajeti ni maumivu tu. Mwaka 2013 kaunti yetu ilianzisha mpango wa akina mama waja wazito na watoto wachanga, ambapo mama mhitaji aliyekwenda kliniki na kujifungulia hospitalini alipewa shilingi 2,000 kwa awamu, awamu 6. Kuna watoto wanaosoma darasa moja nanyi waliozaliwa mikononi mwa mkunga mwenye glavu kwa sababu mstari ule uliandikwa, na pesa zikawa zipo kweli.

Katiba inawapa wananchi nafasi ya kusema kabla bajeti haijapita. Serikali ya kaunti hupeleka makadirio katika Bunge la Kaunti kufikia mwisho wa Aprili, na watu huitwa kutoa maoni. Mwaka mmoja nilikwenda na mpwa wangu wa kike, wakati huo akiwa Gredi ya 6, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Tuliketi kwenye viti vya plastiki, watu kama arobaini. Wazee waliomba kalavati, vijana wakaomba taa za barabarani, mama mmoja akaomba choo cha soko na kupigiwa makofi. Afisa aliandika kila kitu, kwa mwandiko mzuri.

Kisha mpwa wangu akanivuta mkono na kuninong'oneza. Nikamwambia asimame aseme mwenyewe.

Akasimama. "Hapa juu mmeandika pesa mtakazopata sokoni mwaka huu," akasema, kidole chake kikiwa kwenye karatasi. "Mwaka jana mliandika ngapi, na mlipata ngapi?"

Ukumbi ukanyamaza. Afisa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akasema, "Swali hilo lina haki ya kujibiwa." Halafu akainama, akafungua mkoba wake, akatoa kitabu kingine chenye jalada lililokunjika, na akaanza kufunua kurasa. Sote tukangoja.