Mayai 400, Dakika Moja Moja

Jike la aksoloti, yule salamanda wa Mexico mwenye matamvua yaliyochanua nyuma ya kichwa kama manyoya, hutaga mayai kati ya 100 na 1,000 kwa mkupuo. Huyabandika moja moja kwenye majani ya majini, kila yai na ute wake. Tuchukue mkupuo wa wastani, mayai 400, tupige hesabu.

Wiki mbili tatu za mwanzo karibu ni za bure. Maji safi ya nyuzi 18 hadi 20, beseni, na jicho la kuondoa yai linalogeuka jeupe kabla ukungu haujahamia kwa jirani. Yai halili, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Kiluwiluwi akitoka ana urefu wa milimita 11 hivi, hana mguu hata mmoja. Kwa siku mbili au tatu anaishi kwa akiba ya kiini cha yai. Kisha anaanza kuwinda, naye hukamata kinachotikisika tu. Chakula kilichokufa hakioni. Kwa hiyo hulishwa artemia, vikamba vya maji ya chumvi visivyozidi nusu milimita. Tuseme kila mmoja anakula 50 asubuhi na 50 jioni: 400 mara 100 ni vikamba 40,000 kwa siku. Idadi inatisha, gharama haitishi. Gramu moja ya mayai makavu ya artemia ina mayai yapata 250,000. Yakianguliwa 80 tu katika kila 100, gramu hiyo inalisha kundi zima siku tano. Shida ndogo ni kwamba huanguliwa kwa saa 24 au zaidi, hivyo lazima chupa ya kesho iwe inachemka hewa leo.

Basi pesa inaishia wapi? Kwenye miguu. Miguu ya mbele ikishaota, ndugu huanza kung'atana, kwa kuwa mguu wa mwenzio nao unatikisika. Aksoloti huotesha upya mguu uliokatwa, na sifa hiyo humfanya atafutwe na maabara za dunia nzima, ila anayemezwa mzima haoti tena. Dawa ni kuwatenga, kila mmoja na kikombe chake. Na artemia wasioliwa hufa katika maji yasiyo na chumvi ndani ya saa chache, wakaoza, wakatoa amonia. Maji hubadilishwa kila siku.

Kikombe kimoja, dakika moja. Vikombe 400 ni saa 6 na dakika 40 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa wiki sita, hadi wafikie sentimita 5 hivi, ni saa 280. Ukibakiza viluwiluwi 20 tu, kazi yote ni saa 14. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hugandisha mayai ya ziada siku za mwanzo, kiinitete kabla hakijapata umbo. Wapo wanaoona ni ukatili. Mimi naona ukatili zaidi katika beseni la viluwiluwi 300 wanaotafunana.

Na tusisahau kuwa mkubwa hufikia sentimita 25. Kwa lita 75 kila mmoja, 400 wanadai lita 30,000: matangi matatu ya lita 10,000, yote yakiwa baridi.

Uzazi haujawahi kuwa kikwazo. Mwaka 1864 aksoloti 34 walifika Paris kutoka Mexico; mtaalamu wa wanyama Auguste Duméril akapewa 6, jike likiwa moja tu. Mwaka uliofuata walizaa, na sehemu kubwa ya aksoloti wa maabara leo ni uzao wao. Lakini Xochimilco, mifereji ya Jiji la Mexico ambako ndiko kwao, sensa ya 1998 ilikadiria aksoloti 6,000 kwa kilomita ya mraba. Ya 2014 ikapata 36. Maji yamechafuka, na humo wameingizwa samaki aina ya kapu na perege (ndiyo, perege huyu wetu wa Afrika) ambao hula mayai na viluwiluwi. Watafiti wa chuo kikuu cha UNAM wakaanza na mlango wa maji: pamoja na wakulima wa chinampa, yaani mashamba ya visiwa vilivyojengwa kati ya mifereji, huziba midomo ya mifereji midogo kwa vichujio, maji yapite na perege abaki nje.