Mzee Anayelala Dukani



Katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, baridi ya mwezi Julai si ya kuchezea. Ikifika saa mbili usiku watu wamekwisha kujifungia ndani wanaota moto. Lakini mzee mmoja mwenye duka dogo kando ya barabara haendi nyumbani. Ametandika mkeka kati ya mfuko wa chumvi na katoni za sabuni, na mlango ameukomea kwa ndani. Majirani humsifu: "Huyu alikuwa askari, mwizi hamwezi." Mkewe peke yake ndiye ajuaye ukweli. Mzee halindi duka. Amekikimbia kitanda chake, kwa sababu usiku mmoja alizinduka usingizini akajikuta amemkaba mkewe koo, akidhani ni adui.

Mzee huyu hatumtaji jina kwa kuwa si mtu mmoja. Tumemchora ili awawakilishe wengi waliopigana vita vya Kagera, wakarudi vijijini, wakaanza biashara ndogo, na hadi leo wanaumwa ugonjwa ambao hawajaupeleka hospitali. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliolala makaburini. Mwezi huu tuwaangalie pia wale walio hai, tunaonunua kwao chumvi na kibiriti.

WALIKOTOKA

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Pamoja na wanajeshi waliitwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza kutoka pande zote za nchi. Ileje wakati huo ilikuwa mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Basi kijana aliyekulia karibu na mpaka wa Malawi alijikuta kwenye mpaka wa Uganda, pembe nyingine kabisa ya nchi. Sehemu kubwa ya safari ya vita ilikuwa ya miguu. Masaka ilitwaliwa Februari 1979, mwezi Machi yakawa mapigano makali ya Lukaya, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amevuka 65.

Waliporudi walishangiliwa, kisha kila mmoja akaenda kwao. Nchi ilikuwa katika dhiki. Sukari, sabuni na nguo vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya biashara mwaka 1984, na hasa katika miaka ya Rais Mwinyi, mtu mwenye akiba kidogo aliweza kufungua kibanda bila hofu kubwa. Wapiganaji wengi wa zamani wakaingia humo. Walikuwa na nidhamu, wakijua kuamka mapema na kuhesabu vitu. Watu wakasema, "Fulani amesahau vita."

Hakuwa amesahau.

JERAHA LISILOTOKA DAMU

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo ndiyo maelezo mafupi ya ugonjwa huu. Mtu aliyeona kifo kwa karibu, wenzake wakikatika vipande mbele yake, akili yake hubaki lindoni hata vita vikiisha. Tairi la lori likipasuka, au tawi likiangukia bati, mwili wake hutenda kama vile makombora bado yanaanguka. Moyo hudunda, jasho humtoka, mikono hutetemeka.

Dalili nyingine ni hizi:

- Ndoto za kutisha zinazojirudia, au picha za vita kumjia mchana macho yakiwa wazi.

- Kukwepa mahali, watu au mazungumzo yanayomkumbusha. Wengine hawaendi kabisa kwenye sherehe za Mashujaa.

- Kukaa macho wakati wote. Dukani huketi ameegemea ukuta na kutazama mlango, asikubali mtu apite nyuma yake.

- Hasira za ghafla, kujitenga, kutoona raha hata kwa wajukuu.

- Kujilaumu: "Kwa nini mwenzangu alikufa na mimi nikabaki?"

Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu maisha ya mtu, huo ni ugonjwa. Unaweza kukaa naye miaka mingi, au kutulia kisha kurudi uzeeni, mathalani baada ya kufiwa na mke au kuacha kazi. Si woga, si kulogwa, wala si mizimu ya waliouawa. Tukumbuke pia kwamba madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa mwaka 1980, wakisukumwa hasa na hali ya askari waliotoka Vietnam. Maana yake ni kwamba kijana wetu aliporudi mwaka 1979, hata daktari angekosa jina la kumwambia. Leo jina lipo, na tiba ipo.

DUKA LINASAIDIA, LAKINI SI DAWA

Hatusemi duka ni baya. Linampa mzee sababu ya kuamka asubuhi. Watu humwamkia, humtania, humletea habari. Kuhesabu fedha na kupanga bidhaa huituliza akili. Fedha ile humpeleka kliniki, na humwondolea aibu ya kuomba. Kwa hiyo tusimwambie mzee aache duka lake.

Lakini duka ni mkongojo. Mkongojo humsaidia mtu kutembea; hauungi mfupa. Tena dukani kuna hatari zake.

Kwanza ni pombe. Mwenye kukosa usingizi hunywa apate kulala. Pombe humlaza upesi, lakini humwamsha usiku wa manane na kuzidisha ndoto mbaya. Mzee wa namna hii akiuza pombe dukani kwake, amejiwekea mtego. Vivyo hivyo asijinunulie vidonge vya usingizi bila daktari, kwani huzoeleka upesi na ugonjwa hubaki palepale.

Pili ni jiko la mkaa. Kwenye vilima vyetu vyenye baridi, mtu anayelala dukani huingiza jiko apate joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huweza kuua mtu usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama moto umefifia.

Tatu ni madeni. Mteja anayezungushazungusha kulipa huweza kuamsha hasira ambayo mzee mwenyewe ataijutia. Afadhali mtoto wake au mtu mwingine ashike daftari la madeni.

USISAHAU MWILI

Mlio wa mizinga huharibu masikio. Pale Kagera ilitumika mizinga ya roketi iliyopewa jina la Saba Saba, na waliokuwa karibu nayo wanaijua. Mzee anayejibu kisichoulizwa huenda hana kiburi, ila hasikii. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi, lakini kifaa cha kusaidia kusikia huweza kumrudisha katika mazungumzo.

Aliye na kipande cha chuma mwilini amweleze daktari kila anapopimwa, hasa kabla ya kipimo cha MRI. Mashine hiyo ni sumaku yenye nguvu sana na huweza kukivuta chuma hicho.

NYUMBANI NA JUMUIYA

Mama, usimwamshe kwa kumshika. Simama mlangoni umwite kwa jina mpaka azinduke. Usimlazimishe kusimulia, akianza mwenyewe, msikilize bila kumkatiza. Watoto wasipasue mifuko nyuma yake kwa mzaha.

Kisha mpelekeni zahanati, na mwombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Ikibidi, iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Tiba kubwa ni mazungumzo ya hatua kwa hatua na mtaalamu, na wengine hupewa dawa za sonona. Umri si kizuizi. Lakini akisema hataki kuishi, au akianza kugawa vitu vyake bila sababu, msingoje kesho. Msimwache peke yake, ondoeni sumu na silaha, mwende siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema, "Nimekwisha kuungama, mbona ndoto zinarudi?" Ndugu, sakramenti huponya dhambi, na neema yake ni ya kweli. Lakini ndoto mbaya si dhambi. Mwenye malaria huungama na pia humeza dawa.

Tarehe 14 Julai Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550. Alikuwa askari, mcheza kamari aliyepoteza kila kitu, akaishia kuwa kibarua wa ujenzi kwa Wakapuchini. Mguuni alikuwa na kidonda ambacho hakikupona maisha yake yote. Alitibiwa hospitalini Roma, na baadaye akawa mhudumu wa wagonjwa humo. Huyo ndiye leo msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Kidonda chake hakikumzuia kuwa mtakatifu, wala yeye hakukificha.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumuiya ndogo ndogo itakaposali Siku ya Mashujaa mwaka huu, wawili au watatu wapite dukani kwa mzee wakanunue hata kibiriti. Wakae kidogo. Wamuulize, kwa heshima na bila haraka: "Baba, unalala vizuri?"