'Up to': maneno mawili yenye kikomo

Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania huenda Dubai kutafuta kazi za ulinzi, usafi na hoteli. Matangazo mengi ya kazi hizo huandikwa kwa Kiingereza, na humo maneno madogo ndiyo huwaponza.

Mfano ni 'up to'. 'Up' peke yake ni juu, na 'to' huonyesha mtu au kitu kinakoelekea. Yakiungana huzaa maana nyingine: kiwango kisichopitwa.

Tangazo likisema mshahara ni 'up to' dirham 2,000, mwajiri hakuahidi dirham 2,000. Akilipa 1,200 hajavunja ahadi. Kinyume chake ni 'at least', yaani si chini ya. Hayo ndiyo maneno ya kutafutwa, au bora zaidi, kiasi kamili katika mkataba. Neno 'hadi' la Kiswahili lina kikomo hichohicho, ila msikilizaji mwenye shida hukumbuka tarakimu tu.

Mara nyingine kikomo humlinda mfanyakazi. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Februari 2, 2022, inataka kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita. Mwajiri anaweza kukifupisha, lakini hawezi kudai mwezi wa saba.

'It's up to you' ni jambo jingine. Hapa Mswahili hapati taabu, kwani naye husema 'ni juu yako'. Msimamizi akimjibu mlinzi hivyo kuhusu saa za ziada, amempa hiari, hakumwamuru.