Johnny Appleseed: Mpanda Matofaa wa Sinema na wa Kweli

Waamerika wengi humjua Johnny Appleseed kabla hawajajua kusoma. Ni yule mtu wa hadithi atembeaye porini miguu mitupu, sufuria kichwani badala ya kofia, akimwaga mbegu za matofaa kila apitapo.

Mwaka 1948 kampuni ya Walt Disney ilitoa picha ya sinema iitwayo Melody Time, na ndani yake mna hadithi hiyo, iliyochorwa kwa rangi. Johnny ni kijana mwembamba asiyedhani kuwa ana nguvu za kuwafuata wahamiaji waendao magharibi. Ndipo anapotokewa na malaika, naye akashika njia bila bunduki wala kisu, akichukua Biblia, sufuria na mfuko wa mbegu. Sauti ya Johnny, ya malaika na ya msimulizi zote ni za mwimbaji mmoja, Dennis Day. Katika miaka ya 1980 televisheni nayo ilimchukua, akaigizwa na mchekeshaji Martin Short.

Lakini Johnny wa kweli apendeza zaidi, hasa kwa mkulima. Jina lake lilikuwa John Chapman, naye alizaliwa Leominster, Massachusetts, mwaka 1774. Hakumwaga mbegu ovyo hata kidogo. Alizipata katika makapi ya vinu vya kukamulia matofaa, akawatangulia wahamiaji mpaka Ohio, akachagua mahali penye rutuba karibu na mto, akafyeka, akapanda kitalu na kukizungushia ua ili wanyama wasiingie. Wahamiaji walipofika walikuta miche tayari, kwa bei ya senti chache. Asiye na fedha aliweza kutoa nguo kuukuu au ahadi. Miche hiyo ilitakiwa sana, kwa maana katika sehemu fulani za Ohio aliyepewa ardhi alipaswa kupanda miti ya matunda ili ionekane kuwa amekuja kukaa. Chapman alipofariki karibu na Fort Wayne, Indiana, mwaka 1845, yule maskini wa hadithi alikuwa na ekari zipatazo 1,200.

Sinema haisemi matofaa yale yalikuwa ya namna gani. Mbegu ya tofaa haizai tunda kama la mama yake, kama ajuavyo mtu aliyepanda kokwa ya parachichi nzuri akavuna ovyo. Atakaye matunda matamu hana budi kubebesha miche, na Chapman, mfuasi wa mafundisho ya Swedenborg, aliona kuwa kuukata mti hivyo ni kuutesa. Basi mengi ya matofaa yake yalikuwa makali, yakakamuliwa kuwa pombe. Jambo hilo lisingefaa katika picha ya watoto.

Wala sinema haikawii juu ya wenyeji wa nchi ile. Sehemu kubwa ya Ohio ilitolewa na makabila ya Wahindi Wekundu kwa mkataba wa Greenville wa mwaka 1795, baada ya kushindwa vitani. Mtofaa uliokuwa dalili ya makao kwa mmoja ulikuwa kwa mwingine dalili ya kuhamishwa.

Jina la Chapman lilienea nchini kote baada ya gazeti la Harper's kuandika habari zake mwaka 1871. Huko Fort Wayne timu ya besiboli imeitwa TinCaps tangu 2009, na alama yake ni tofaa lenye uso mkali, limevaa sufuria.