GEDI: MJI WENYE KUTA MBILI KATIKA MSITU WA PWANI

Watu wengi wakisikia habari za miji ya kale iliyozungushiwa kuta za ulinzi hudhani kwamba hayo ni mambo ya nchi za ng'ambo tu. Lakini katika pwani ya Kenya, yapata kilomita 16 kusini ya Malindi, umo msituni mji wa namna hiyo uitwao Gedi. Ulijengwa na Waswahili, ukastawi kwa karne kadhaa, kisha ukahamwa na wenyewe katika karne ya 17.

Wenyeji wa Gedi hawakutuachia kitabu cha tarikhi yao. Hata Wareno, waliokaa Malindi miaka mingi katika karne ya 16, hawakuutaja mji huu katika maandiko yao. Kwa hiyo tuyajuayo juu ya Gedi yametoka hasa katika mawe yake na katika vitu vilivyofukiwa ardhini.

Mji huu ulikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ukuta wa nje, uliojengwa katika karne ya 15, ulikuwa na kimo cha futi 9 hivi, nao ulizunguka eneo la eka 45. Ukuta wa ndani ulijengwa baadaye, katika karne ya 16. Ndani yake yamo majumba ya mawe ya matajiri, jumba la mtawala, na Msikiti Mkuu. Watu wa kawaida walikaa baina ya kuta hizo mbili katika nyumba za udongo. Udongo haudumu kama jiwe, na leo nyumba zao hazionekani. Basi mgeni asidhani kwamba mahali palipo patupu hapakuwa na watu.

Majengo yaliyosalia ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Msikitini pana mihrabu iliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina, na juu ya mlango mmoja umechorwa mkuki katika jiwe. Karibu na msikiti pana kisima na birika la kutawadhia. Katika majumba zimo ghala zisizo na mlango. Mwenye nyumba aliingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu ukutani, ili mali yake isiibwe. Vyoo pia vilijengwa kwa ustadi. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1948 James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, alianza kuchimbua magofu hayo, na kazi iliendelea hadi mwaka 1958. Baadhi ya nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Vitu hivyo vyatuonyesha kwamba watu wa Gedi walifanya biashara iliyofika Uchina, Bara Hindi na Ulaya, ingawa mji wenyewe haukuwa ufuoni.

Kwa nini basi mji tajiri kama huo uliachwa? Wataalamu wametaja sababu kadhaa. Maji ya visima yalishuka, kwa maana kisima kimoja chaonekana kiliongezwa kina. Mwaka 1593 Wareno na mfalme wa Malindi walihamia Mombasa, na biashara ya sehemu hizo ikapungua. Tena Waoromo walikuwa wakisonga kusini kutoka kaskazini. Huenda mambo hayo yote yalishirikiana. Ukuta humzuia adui, lakini haumpi mtu maji wala biashara.

Baada ya watu kuondoka, msitu uliufunika mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja watu waliobandua mabakuli ya Kichina kutoka katika kuta na kwenda nayo. Mwaka 1927 Gedi ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kale, na mwaka 1969 ikawekwa chini ya usimamizi wa makumbusho ya taifa. Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Pengine msomaji atauliza, kuna ubaya gani kuokota kigae kimoja? Jibu ni hili. Umri wa bakuli la Kichina waweza kujulikana kwa rangi na michoro yake. Likikutwa chini ya sakafu, latuambia kwamba sakafu hiyo haikujengwa kabla ya bakuli hilo kufinyangwa. Lakini likichukuliwa na kuwekwa kabatini, huwa chombo kizuri tu kisichoweza kusema neno juu ya nyumba lilimotoka. Mahali kilipolala kigae ndipo penye habari, na habari hiyo ikipotea hairudi tena.

Basi atakayepata nafasi ya kwenda Malindi asikose kufika Gedi. Na ayaangalie yote kwa macho, ayaache mahali pake, ili wajukuu wetu nao wayasome.