Kiolezo cha Tovuti: Ukubwa wa Kichwa Si Cheo Chake

Fundi cherahani akatapo vazi kwa kiolezo, hupunguza huku na kuongeza kule ili limkae vema mvaaji. Kiolezo cha tovuti nacho huruhusu marekebisho, ila fundi wake hamjui mvaaji. Ukurasa ule ule hufunguliwa katika kompyuta yenye kioo kipana, hufunguliwa katika simu ya mkononi, na husomwa kwa sauti na programu imsaidiayo mtu asiyeona.

Msingi wa marekebisho hayo ni kutenganisha maneno na sura yake. Mnamo Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, alipendekeza lugha ya mitindo iitwayo CSS. Toleo lake la kwanza liliidhinishwa Desemba 1996. Kwa lugha hiyo, rangi, nafasi na ukubwa wa herufi huandikwa kando ya maneno yenyewe. Hivyo amri moja yaweza kubadili sura ya kurasa mia bila neno hata moja kuguswa.

Mnamo Mei 2010, Ethan Marcotte wa Marekani alieleza jinsi ya kuufanya mpangilio unyumbuke. Hesabu yake ni nyepesi: upana wa kitu hugawanywa kwa upana wa kile kinachokibeba. Ikiwa ukurasa una upana wa pikseli 960, na safu kuu ina 600, basi safu hiyo ni asilimia 62.5 ya ukurasa. Ikiandikwa kwa asilimia, itapanuka na kusinyaa pamoja na kioo. Kioo kikiwa chembamba mno, sharti jingine huziamuru safu zipangwe moja chini ya nyingine.

Vichwa vya habari vina hesabu ya namna hiyo: herufi za 24 juu ya maandishi ya 16 ni mara 1.5. Lakini hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Lugha ya kurasa, HTML, ina ngazi sita za vichwa, kuanzia h1 hadi h6. Ngazi hizo ni cheo wala si ukubwa. Tuseme mtunza tovuti ya zahanati ameandika maneno “Siku za Chanjo” kwa herufi nene na kubwa, bila kuyapa ngazi yoyote. Jicho litaona kichwa. Programu isomayo kwa sauti itaona sentensi ya kawaida. Mama asiyeona, ambaye huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wengine wapitishavyo macho, atakipita kile alichokijia, na huenda mtoto akakosa chanjo kwa siku yake.

Kwa hiyo, hapana budi ngazi ichaguliwe kwanza kwa kufuata mpango wa habari, kisha ukubwa urekebishwe kwa CSS. Baada ya hapo kazi na ijaribiwe: dirisha lipunguzwe upana, herufi zikuzwe hadi asilimia 200, na vichwa visomwe peke yake kwa mfuatano. Vikieleza habari iliyomo bila msaada wa rangi wala unene, vazi limemkaa kila mvaaji.